Gari la Msikiti Likirudi na Matope



Mvua zetu hapa Songea huja kwa msimu mmoja mrefu, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na mwaka mwingine huingia hadi Mei. Katika miezi hiyo kamati ya msikiti huwa na kazi moja isiyoandikwa katika ratiba ya darsa wala kutangazwa baada ya swala. Kazi hiyo ni kulisafisha gari. Barabara kuu za kwenda Njombe, Mbinga na Tunduru zina lami, lakini Waislamu hawaishi kandokando ya lami peke yake. Wako pia waliozaliwa katika vijiji vya ndani, wakaja mjini kutafuta riziki, na wosia wao ni kuzikwa walikozikwa baba zao. Mauti hayasubiri kiangazi, na jeneza haliwezi kupandishwa pikipiki.

Kwa ajili hiyo waumini walichanga, mwaka hadi mwaka, hadi likapatikana gari kuukuu aina ya Toyota Land Cruiser, lile ambalo watu wetu huliita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo cha mbele. Gari hilo ni wakfu. Hubeba jeneza, hubeba wagonjwa, na katika Ramadhani hubeba futari na nguo za mayatima. Wiki hii tunapenda kuzungumza na familia juu ya namna ya kulisafisha gari kama hilo linapotoka matopeni. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la karakana katika ukurasa wa familia. Tunamwomba atuvumilie, kwani tumejifunza kwa gharama kwamba jambo hili limefungamana na amana, twahara na haki ya maiti.

Kosa letu

Katika masika iliyopita, siku ya Alhamisi, tulipeleka jeneza katika kijiji kimoja cha upande wa Muhukuru, katika njia inayoshuka kusini kuelekea Mkenda, mpakani mwa Msumbiji. Baada ya kuiacha barabara kubwa, gari lilipita mabonde mawili yenye udongo mwekundu uliolowa na kuvuka kijito ambacho maji yake yalifika katikati ya milango. Alhamdulillah, tulifika, tukazika, tukarudi mjini baada ya Isha. Gari halikuonekana rangi yake.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, na tulikuwa na wageni. Tukawaita vijana, tukawaambia gari ling'ae kabla ya adhana ya kwanza. Vijana wakafanya kama walivyoagizwa. Wakalimwagia maji, wakalisugua kwa sabuni, wakafuta vioo, wakapaka magurudumu dawa nyeusi. Wazee walipotoka msikitini walilitazama wakasema maashaallah. Sisi tulioshika kalamu ya kamati tukalipa ujira, tukaandika katika daftari kwamba gari limesafishwa, tukasahau.

Wiki tatu baadaye tukapata msiba mwingine. Maiti alikwishaoshwa, akakafiniwa na kuswaliwa, na kaburi kule kijijini lilikwishachimbwa ili azikwe baada ya Adhuhuri. Tulipoanza kushuka mteremko mmoja, dereva akahisi breki za nyuma hazishiki sawasawa, na gurudumu moja likaanza kunuka kuungua. Kabla hajapata mahali pa kuegesha, mshale wa joto la injini ukapanda hadi kwenye nyekundu. Tukasimama kando ya njia, juani, na jeneza likiwa ndani, tukingoja gari la kukodi kutoka mjini. Maiti yule alizikwa baada ya Maghrib, kwa mwanga wa tochi.

Mtoto mkubwa wa marehemu hakutulaumu. Alitushika mkono akasema, "Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji, msijali." Maneno yale yalikuwa mazito kuliko lawama, kwa sababu tulijua moyoni kwamba tulikuwa tunajificha nyuma ya kadari. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah, kama ilivyo katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi. Sisi hatukumfunga ngamia. Na ni Mtume huyo huyo aliyetuamrisha kuiharakisha jeneza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Tuliichelewesha kwa uzembe wa kuosha.

Gari lilipokokotwa hadi gereji, fundi alifungua ngoma za breki za magurudumu ya nyuma. Udongo ulianguka vipande vipande, umekauka kama vigae. Kisha akatuonyesha rejeta. Matundu yake membamba ya kupitishia hewa yalikuwa yamezibwa na tope lililooka kwa joto la injini. Fundi yule si Muislamu, lakini anatujua na anajua ada zetu. Alifuta mikono akasema, "Bwana Katibu, gari hili mmelivika kanzu nyeupe juu ya mwili usiokoga." Matengenezo yakala michango ya Ijumaa nne.

Tulirudi nyumbani tukilirudia neno lile. Sisi tuliosomeshwa mlango wa twahara tangu utotoni hatukupaswa kufundishwa jambo hilo na fundi. Josho la janaba, kwa mujibu wa hadithi za Bibi Aisha na Bibi Maimuna (r.a.), huanza kwa kuosha mikono, kisha sehemu za siri, kisha udhu, ndipo maji yamwagwe kichwani na mwilini. Anayemwosha maiti naye humkamua tumbo kwa upole, akasafisha panapostiriwa, kabla ya kummwagia maji ya josho. Mpango ni ule ule: huanzwa na palipofichika. Sisi kwa gari la jeneza tulianza na kuishia panapoonekana.

Chini kwanza

Basi tangu siku ile tumeweka utaratibu, nasi tunauandika hapa ili unufaishe misikiti mingine na kila familia yenye gari linalopita njia za udongo.

La kwanza ni wakati. Tope likiwa bichi hutoka kwa maji machache. Likikauka, hasa huu udongo wetu wa mfinyanzi, hushika kama tofali. Isitoshe, tope hunywa maji na kuyahifadhi, hivyo bati lililofunikwa na tope hubaki na unyevu kwa siku nyingi, na kutu huanza hapo. Gari lioshwe usiku ule ule au asubuhi inayofuata. Lakini lisioshwe lingali moto. Maji baridi yakimwagwa juu ya diski za breki zilizopata joto kali huweza kuzipinda, na gari litatetemeka kila likisimamishwa. Lisubiriwe hadi mkono uweze kugusa gurudumu bila kuungua.

La pili ni kuanza chini. Atakayeosha atandike gunia, alale chali, amulike tochi, na gari liwe limeegeshwa mahali tambarare na magurudumu yamewekewa vizuizi. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, kwa hali yoyote ile. Kwa kijiti cha mbao akwangue mabonge ya tope juu ya difu, kati ya majani ya springi, nyuma ya madigadi, na juu ya tangi la mafuta. Kisha ndipo amwage maji. Chuma cha chesesi kina uwazi ndani na kina matundu kando yake. Tope huingia humo na kukaa, na chuma huliwa kutoka ndani huku nje kikionekana kizima. Mpira wa maji uingizwe katika kila tundu hadi yatoke maji yasiyo na rangi.

La tatu ni magurudumu. Tope likiganda upande wa ndani wa ringi, hata kiasi cha konzi moja, gurudumu hupoteza ulinganifu na usukani hutikisika gari likienda kasi. Wengi hukimbilia kwa fundi wakidhani kuna chuma kilicholegea, kumbe ni udongo. Breki za ngoma zinahitaji zaidi ya maji. Gari likivuka maji yaliyofunika vitovu vya magurudumu, ngoma zifunguliwe na fundi, zifutwe. Tope lililobaki mle ndani husaga breki kila zinapokanyagwa.

La nne ni rejeta. Ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo, yakitokea upande wa injini kwenda nje, ili tope litoke lilikoingilia. Anayepiga maji ya nguvu kutoka mbele hulisukuma tope ndani zaidi, na huvipinda vile vibati vyembamba. Kabla ya kuosha sehemu ya injini, betri, altaneta na sanduku la fyuzi vifunikwe kwa mfuko wa nailoni. Chujio la hewa la karatasi halioshwi kwa maji. Hutolewa, hukung'utwa, na likiwa limelowa au limeziba, hubadilishwa.

La tano ni majani. Gari likipita porini hukusanya nyasi karibu na bomba la ekzosi. Nyasi zile zikikauka, joto la bomba hutosha kuziwasha. Zing'olewe zote kwa mkono, bomba likiwa limepoa.

La sita ni mafuta na grisi. Difu iliyopata joto ikizama ghafla katika maji baridi ya kijito, hewa iliyomo ndani hujikunja, na maji huweza kuvutwa kuingia. Basi mafuta ya difu yakaguliwe. Yakionekana meupe kama chai ya maziwa, maji yamekwishaingia, nayo yamwagwe na kubadilishwa kabla ya safari nyingine. Viungo vya propela navyo vipigwe grisi mpya baada ya kuoshwa, hadi grisi ya zamani yenye mchanga itoke.

Iko desturi katika sehemu nyingi za kuoshea magari ya kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari ili ling'ae. Tunawanasihi ndugu zetu waiache. Mafuta hayo hulainisha na kuharibu bushi za raba, hunasa vumbi la safari inayofuata, na mvua huyashusha ardhini. Mng'aro wa siku mbili haufai kununuliwa kwa hasara hiyo.

Kisha juu

Baada ya chini kutakasika, ndipo uje mwili wa gari. Kanuni yake ni moja: kitambaa kisiguse bati kabla ya maji kuondoa mchanga. Tope lina chembe za mawe, na anayesugua tope kavu ni sawa na anayepaka msasa juu ya rangi. Maji yamwagwe kutoka paani kushuka chini, mara mbili au tatu. Kisha ziwekwe ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila sehemu ikisuguliwa, kitambaa kisuuzwe katika ndoo ya pili kabla ya kurudi katika ya kwanza. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali na huondoa utando unaoilinda rangi, hivyo itafutwe sabuni laini iliyotengenezwa kwa magari.

Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibuliwe kwa njiti. Vikiziba, maji ya mvua hukaa ndani ya mlango kama kwenye mtungi, na mlango huoza kuanzia chini. Mwisho gari liendeshwe polepole mwendo mfupi, dereva akikanyaga breki kidogo kidogo, ili zikauke kabla ya kuegeshwa.

Ndani ya gari na suala la twahara

Akina mama wa kamati ndio waliotuzindua juu ya sehemu ya ndani. Wao ndio wanaokaa nyuma na mgonjwa, na wao ndio waliosema kwamba gari lina harufu. Tulipoinua kapeti tulikuta maji yametuama chini yake tangu siku ya kijito, na bati limeanza kubabuka. Kapeti zitolewe zote, zioshwe, zianikwe, na sakafu ifutwe na kuachwa wazi hadi ikauke kabisa. Milango iachwe wazi juani angalau nusu siku.

Hapa huulizwa: je, tope la njiani ni najisi? Mtu akipanda gari lenye matope, kanzu yake ikachafuka, aswali nayo? Asili ya udongo ni twahara, na shaka haiondoi asili. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika nchi zetu hizi, wamesema kwamba hata tope la njiani linalojulikana kuwa limechanganyika na najisi husamehewa kwa kiasi ambacho ni vigumu kujiepusha nacho, maadamu najisi yenyewe haionekani kwa macho. Kiasi hicho hutofautiana kwa msimu, kwani masika si kama kiangazi, na upindo wa nguo si kama mkono wake. Basi mwenye kanzu iliyorukiwa matope aswali, wala asijitie wasiwasi.

Damu ya mgonjwa, matapishi, na mkojo wa mbuzi aliyebebwa siku ya Idi hukumu yake ni nyingine. Hiyo ni najisi inayoonekana. Kwanza kiondolewe kitu chenyewe kwa kitambaa kikavu. Kisha yamwagwe maji safi juu yake hadi rangi, harufu na ladha yake viondoke, na yakisha kuoshwa yasiachwe kutuama. Anayefuta kwa kitambaa kibichi tu ameitandaza najisi katika kiti chote. Ikibaki alama ya rangi iliyoshindikana baada ya juhudi, imesamehewa.

Maji tunayoyatumia

Jambo la maji lina uzito wake. Vijana wengi huona njia nyepesi ni kulipeleka gari mtoni. Huliingiza ndani ya maji, hufungua milango, na kuliosha hapo kwa sabuni, huku oili na grisi vikishuka na mkondo. Sisi wenyeji wa Songea hatuna udhuru wa kutojua. Milima ya Matogoro tunayoiona kila asubuhi ni chanzo cha Mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi, na mabonde yake ndiyo yanayounywesha mji huu. Chini ya mahali tunapooshea gari yuko mama anayechota maji ya kupikia, na yuko mtu anayetawadha. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya kuharibu mahali watu wanapochota maji, pamoja na njia zao na kivuli chao, kama ilivyopokewa na Abu Daudi kutoka kwa Muadh (r.a.). Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imezuia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60.

Wengine huacha mpira wa bomba ukitiririka tangu mwanzo hadi mwisho. Tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyokusanywa, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.). Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, gari halina haki ya kumwagiwa pasipo kiasi. Tulipojaribu kuosha kwa ndoo, tope likiwa limekwanguliwa kwanza kwa kijiti, tulimaliza kwa ndoo 9 za lita 20, yaani lita 180, chini na juu.

Tumefanya pia jambo moja lililotupa faraja. Maji yanayotoka mahali pa kutawadhia tumeyaelekeza katika shimo lililosakafiwa. Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi, kwa Mashafi, ni twahara ingawa hayatwaharishi. Hayafai kuondolea najisi, lakini kuondoa tope, ambalo asili yake ni udongo twahara, yanafaa bila tatizo. Basi lile tope zito la chini ya gari huoshwa kwa maji hayo, na maji ya bomba hubaki kwa mwili wa gari na sehemu ya ndani. Msikiti wenye paa la bati una hazina nyingine. Mvua ya milimita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 2,000, ambazo kwa sasa wengi wetu tunaziacha zichimbe makorongo uani.

Vijana na ujira wao

Tusingependa ieleweke kwamba lawama ya siku ile ilikuwa ya vijana. Wao walitimiza tulichowaagiza. Sisi ndio tuliosema "ling'ae". Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na anayeagiza kazi ndiye mchunga wa kwanza. Sasa tunawaonyesha kazi yote, tunalala nao chini ya gari, na tumeongeza ujira, kwani kukwangua chesesi kwa saa mbili si sawa na kufuta vioo. Ujira hulipwa siku ile ile, kabla jasho halijakauka. Tumewanunulia pia mabuti ya raba na miwani ya plastiki, maana mchanga unaodondoka kutoka juu hulenga macho.

Na nyinyi wazazi, mkiwa na gari, pikipiki au baiskeli nyumbani, washirikisheni watoto, wa kiume na wa kike. Siku ya Jumamosi mpeni mtoto njiti azibue vitundu vya mlango, au brashi aoshe mnyororo wa baiskeli na upande wa ndani wa madigadi. Mtoto akizoea kusafisha mahali ambapo mgeni hatapaona, amejifunza sehemu ya ikhlasi ambayo darasani huchukua vipindi vingi kuifafanua. Imepokewa na Abu Daudi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona ngamia ambaye tumbo lake limegandamana na mgongo kwa njaa, akawausia watu wamche Allah juu ya wanyama hawa wasiosema. Gari halina roho, na halihesabiwi kama mnyama. Lakini nalo halisemi, na walioko nyuma yake ni binadamu: mjane anayelifuata jeneza, mama mwenye uchungu, wachangaji waliotoa shilingi zao kwa kuikusudia Akhera.

Siku hizi gari likirudi safari, katibu hawezi kuandika neno "limesafishwa" mpaka yeye mwenyewe ameinama na tochi akatazama chini. Kanzu hubaki nyumbani siku hiyo. Mwezi uliopita lilipeleka jeneza upande ule ule wa Muhukuru, likapita mteremko ule ule. Maziko yalikamilika kabla ya Alasiri. Tulipokuwa tunarudi, yule mtoto wa marehemu wetu wa kwanza, ambaye safari hii alikuja kama mzikaji, aliomba kusaidia kuliosha. Tulimpa gunia na kijiti, akalala chini pamoja nasi.

Tunamwomba Allah Atusamehe tuliyoyapunguza, Awarehemu maiti wetu, na Awalipe kheri wanaouhudumia umma pasipoonekana. Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.

Wassalaam alaykum.